Ngozi Haichunwi, Huombwa

Kama ungetaka kumjua Fundi, ungeanza na gumba lake la mkono wa kulia. Lilikuwa pana, limelala upande kama kijiko kilichokanyagwa, na ukucha wake aliukata hadi karibu na nyama. Alikuwa akisema ukucha ni wembe wa maskini, na wembe haukuingia kwenye karakana yake ya mtaa wa Tuwan, Kitale, uwe wa maskini au wa tajiri.

Mimi leo nina maduka matatu ya vibao. Mawili yako Bungoma mjini, moja Webuye. Shule niliacha darasa la sita kule Bokoli, na watu wenye digrii huketi kwenye benchi langu wakisubiri niwaite. Sisemi haya kujisifu, ingawa kujisifu si dhambi kama kitu chenyewe kipo. Nasema ili usidhani anayekusimulia habari za Fundi ni mtu aliyeshindwa na maisha, anayetafuta wa kulaumu. Maisha nimeyashinda. Fundi ndiye sijamshinda.

Kazi yetu watu wengi hawaijui, kwa hivyo wacha niieleze. Yale mabamba ya plastiki ngumu, yanayopitisha mwanga kama kioo, hutoka kiwandani yakiwa yamevikwa karatasi pande zote mbili ili yasikwaruzwe. Sisi tuliiita ngozi. Bamba likiwa jipya, ngozi unaivuta na inakuja yote kwa mkupuo mmoja. Lakini bamba likikaa miaka kumi, kumi na mitano, chini ya mabati yenye joto, gundi inakauka na karatasi inashikana na plastiki kama ukoko wa ugali na sufuria. Ukivuta, inakuja vipande vidogo vidogo. Ukikwangua, umeharibu bamba.

Fundi alikuwa na rundo zima la mabamba ya namna hiyo. Aliyatoa kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka Kitale akahama, akayasomba kwa mkokoteni, safari nne, mafundi wengine wakisimama milangoni kumcheka. "Umenunua takataka, mzee!" Yeye aliwajibu bila kusimamisha mkokoteni: "Plastiki haijazeeka. Iliyozeeka ni ngozi." Na kweli, ndani ya zile karatasi chafu kulikuwa na plastiki nene, safi kama maji, ambayo hata Eldoret hungeipata miaka ile.

Kuitoa ngozi kulikuwa na utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa kama wa ibada. Kwanza maji ya moto, lakini moto wa kuogeshea mtoto, si zaidi. Halafu blanketi kuukuu limelowekwa kwenye maji hayo, linatandikwa juu ya bamba, linalala hapo mpaka kesho. Kesho unaangalia kona. Ukiona kona imelegea, unatia mafuta ya kupikia kwa manyoya ya kuku, unangoja, unaingiza gumba. Gumba tu. Unasukuma kidogo, unatia mafuta, unangoja. Gundi iliyobaki unaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, kisha unaosha kwa sabuni. Bamba moja kubwa lingeweza kukuchukua siku nne.

"Ngozi haichunwi," alikuwa akisema. "Huombwa. Kona ikikubali, bamba lote limekubali."

Na petroli? Petroli ilikuwa haramu. Siku yangu ya kwanza, kabla hata hajaniuliza nimekula, aliniambia: "Hapa petroli haigusi kitu. Thina ya rangi haigusi kitu." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiuliza swali.

"Uliachia shule wapi?"

"Darasa la sita."

"Basi la saba ndilo walifundisha kwa nini."

Tangu siku hiyo akaniita Darasa la Sita. Jina langu hakulitumia tena. Nilikuwa mtu mzima, bana, nina mke na watoto wawili, nimeshauza mitumba mpaka Malaba, halafu mteja akiingia anasikia: "Darasa la Sita, leta maji." "Darasa la Sita, mpishe mama huyo apite." Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo.

Sijui kama alikuwa mtu mbaya. Nimejiuliza sana. Mtu ambaye angeweza kungoja siku tatu karatasi ikubali, hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku alijiunguza ulimi, na kila siku alimlaumu mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, kwamba amechemsha zaidi. Mama alikuwa akijibu: "Si ungeiwekea blanketi?" Mteja akisema neno haraka, Fundi alimrudishia kazi yake mkononi. Wakati mwingine nilimwona amekaa mbele ya bamba alilolimaliza, akiligeuza kwenye mwanga, anatabasamu peke yake. Mimi sikuwahi kuona tabasamu hilo likigeuzwa upande wangu.

Alikula chakula changu bila kuuliza. Nikifungua githeri yangu, kijiko chake kilikuwa kimeshafika. Lakini mwanangu alipougua, Fundi alimbeba mgongoni kutoka nyumbani kwangu hadi hospitali kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia, na alipofika akamkabidhi kwa daktari akaondoka bila kungoja ahsante. Kesho yake nikaanza kumshukuru. Akasema: "Darasa la Sita, maji yamepoa."

Alivuta ugoro pia. Alikuwa nao ndani ya kopo la rangi ya viatu, mfuko wa shati, na kila baada ya muda alijaza pua zote mbili mpaka macho yakatoka machozi. Pua yake ilikuwa imekufa kabisa. Siku moja maharagwe ya Mama yaliungua jikoni hatua mbili kutoka alipokaa, moshi ukajaa karakana, majirani wakaja na ndoo, yeye anapiga mluzi na bamba lake. Tulicheka wiki nzima. Mkumbuke na pua hiyo, kwa sababu kama pua yake ingekuwa hai, nisingekuwa na cha kuandika.

Kanisa hakupenda. Alienda Pasaka, na siku ambayo kazi yake inawekwa wakfu. Kazi ilikuwa ndiyo dini yake, na mimi nilikuwa muumini wa lazima.

Sasa mimi si mjinga. Shule niliacha lakini akili sikuacha. Siku moja Fundi akiwa ameenda kunyoa, nilichukua kipande cha bamba kilichotupwa, nikakilaza mezani, nikapaka petroli. Ngozi ikatoka kama ngozi ya ndizi. Nikakingoja kipande saa moja, siku moja, juma zima. Hakikufanya kitu. Hakikupauka, hakikupasuka. Nikakitupa nikacheka moyoni: kumbe ndiyo hii haramu yake? Mzee anaabudu maji ya moto na jibu liko gereji ya jirani. Nikaliweka wazo hilo kama mtu anavyoficha noti kwenye soksi.

Mimbari ya Bumula ndiyo iliyonifanya niitoe hiyo noti.

Kanisa moja la Bumula lilikuwa limejenga jengo jipya, na Pasta wao, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, alikuwa ameona kwenye kanda ya video mimbari ya plastiki ya kioo ya kanisa la Nairobi. Mhubiri anasimama, unamwona mpaka viatu. Akasema lazima Bumula ipate. Alizunguka Bungoma yote, hakuna aliyeweza, mpaka mtu akamwambia kuna mzee Kitale.

Alikuja Tuwan mwenyewe. "Mulembe, mzee," akamsalimia. "Wanasema wewe unatengeneza kioo kisichovunjika."

"Kila kitu huvunjika, Pasta. Changu huchelewa."

Wakaelewana. Fundi akachagua bamba nene kuliko yote, ngozi yake ilikuwa mbaya kuliko zote, imekuwa ya kahawia kama chapati. Siku ileile habari za msiba zikamfikia, akatakiwa kusafiri siku mbili kuzika. Akanikabidhi bamba.

"Siku nne," akaniambia. "Mimi nikirudi utakuwa umefika nusu. Usinikimbizie hiyo kazi, Darasa la Sita. Usijaribu kuwa mjanja."

Haki ya Mungu, kama asingesema maneno hayo ya mwisho, labda ningeloweka blanketi. Lakini aliyasema mbele ya Pasta, na Pasta akacheka kile kicheko chake cha mimbari.

Nilimaliza bamba lote alasiri moja. Jirani wa gereji alinipa petroli kwenye chupa ya soda. Ngozi ilikuja yenyewe. Nikaosha kwa sabuni, nikapangusa, nikalisimamisha ukutani ili hewa ilipite. Kesho yake jioni Fundi akarudi na vumbi la kaburi viatuni. Akaliona. Akaliinamia, akapitisha lile gumba kuanzia kona moja mpaka nyingine. Akaligeuza kwenye mwanga. Nilingoja aniulize. Nilikuwa na jibu tayari, nilitaka aulize, nimwambie usoni kwamba petroli yake si kitu.

Hakuuliza. Pua yake haikumwambia kitu, na nadhani aliamini kona zimekubali mapema. Alinigeukia na lile tabasamu, lile la peke yake, akasema:

"Hapo umefanya."

Maneno mawili. Miaka mitatu na nusu nilikaa pale, nikapewa maneno mawili, na niliyapata kwa petroli. Ningesema nini? Wewe ungesema nini?

Basi akalipasha bamba moto akalikunja, akatoboa, akaunga kwa nati. Ilikuwa mimbari, bana. Nimetengeneza vitu vingi tangu wakati huo na sijatengeneza kitu kama ile. Asubuhi ya kuipeleka niliona gundi kidogo imebaki kwenye mikunjo na kuzunguka nati. Fundi alikuwa ndani anabadilisha shati. Nikachukua kitambaa kilekile, chupa ileile, nikapangusa.

Kule Bumula akina mama wa kanisa waliipokea kwa vigelegele. Waliifunika kitambaa cheupe, wakaibeba wakiimba kuzunguka uwanja wa kanisa mara tatu kwenye jua la saa tano, kisha wakaiweka madhabahuni. Mimi na Fundi tulikalishwa benchi la mbele, mimi nina shati jipya. Pasta akaomba. Akavuta kitambaa. Mwanga wa dirishani ukaingia ndani ya ile plastiki, na sote tukaona.

Mikunjo yote ilikuwa imejaa nyufa ndogo ndogo, nyeupe, kama matope ya ukingo wa mto Nzoia yakikauka. Kuzunguka kila nati kulikuwa na nyota. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Pasta, kwa kutaka kuonyesha hakuna kitu, akaweka mikono yake mizito juu yake akaegemea. Ikalia *ta!* Ufa mmoja ukakimbia kutoka juu mpaka chini mbele ya kanisa zima.

Mama mmoja mzee nyuma akasema kwa sauti: "Mungu amekataa."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine wakasema ni ishara. Mwingine akasema ni mikono michafu, kwani mzee mwenyewe si wa kanisa na anavuta ugoro. Pasta akauliza, sasa si kwa kicheko: "Hii kitu ni nani alitengeneza?"

Fundi akasimama. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na Mama mpaka mistari ikaonekana.

"Ni mimi," akasema. "Ni mkono wangu."

Mimi nilikuwa kando yake, bega langu linagusa kiuno chake. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vizuri, viatu hivyo.

Tulirudi na ile mimbari nyuma ya pikapu, imefunikwa turubai kama maiti. Tukapita Kimilili. Halafu Fundi akaanza kusema na kioo cha mbele.

"Itakuwa ni mafuta. Labda mafuta ya kupikia siku hizi wanatia kitu." Akatazama gumba lake. "Au nilipasha sana. Eh? Uliona nikipasha sana?"

Nikasema, "Labda, Fundi."

Nimefanya mambo mengi ya kujitetea. Petroli naweza kuitetea: nilikuwa sijui, hakuniambia kwa nini, alinidharau. Lakini hiyo *labda* sijapata wakili wake mpaka leo.

Habari zilifika Kitale kabla ya Jumatatu. Ile mimbari ingemmaliza mtu mwingine kwa kukosa wateja. Fundi hakungoja wamkatae. Alianza kuwakataa yeye. Mteja akitaka kitu kikubwa, Fundi anasema, "Nenda kwa mwingine, mkono wangu umeharibika." Akabaki na namba za milango na vibao vya "Mbwa Mkali". Akaanza kwenda kanisani kila Jumapili, mapema, akakaa nyuma. Nilidhani ni uzee.

Miezi minne baadaye niliondoka. Nilimwambia nimepata nafasi Bungoma. Akasema, "Utaweza. Hapo kwa Bumula ulifanya kazi yako vizuri, mimi ndiye niliharibu." Akanipa mkono. Gumba lile lilinikaa kwenye kiganja mpaka nikafika Webuye.

Na mimi niliweza. Nilifungua duka, nikaajiri, nikafungua la pili. Bumula wenyewe walinitafuta niwatengenezee mimbari nyingine. Nilitumia blanketi na maji ya moto na manyoya ya kuku, siku nne, na mpaka sasa ninapoandika imesimama, haina hata mkwaruzo. Juu ya duka langu la kwanza, kwenye ukuta wa kijani, niliweka maneno ya kuwavutia wateja, herufi za plastiki nilizokata mwenyewe, kila moja ndefu kama mkono wangu: HAPO UMEFANYA. Watu waliyapenda. Wakaanza kuliita duka hivyo. Niliwaambia ni maneno ya mwalimu wangu. Nilikuwa nikisimulia, nikicheka, kwamba mzee alikuwa mgumu wa sifa lakini mimi alinipa.

Miaka sita nilipita Kitale na sikupita Tuwan. Halafu siku moja simu ikalia. Wakati wa Fundi simu ya mkononi ilikuwa ya watu wachache. Sasa hata Mama alikuwa nayo.

"Kijana wangu," akasema, "njoo umwone mzee. Sijui anafanya nini na hizo plastiki. Mimi hataki kunieleza, anasema siwezi kuelewa. Wewe utaelewa."

Nilienda na pikapu yangu mpya. Niliiegesha mahali ambapo mtu aliyekaa karakanani angeiona.

Fundi alikuwa amepungua. Macho yalikuwa na ukungu, na alinisogelea karibu sana kabla hajasema, "Ah. Darasa la Sita." Kama vile nilitoka asubuhi kuchota maji. Mama akaniletea chai, akafuta stuli kwa leso yake, akaniuliza watoto. Mwanangu aliyebebwa mgongoni alikuwa ameingia sekondari. Alifurahi.

"Njoo nyuma," Fundi akasema.

Nyuma ya karakana, kwenye waya wa kuanikia nguo, kulikuwa na vipande vya plastiki vimening'inia, vyembamba kama rula, kila kimoja kimekunjwa katikati na kufungwa nati. Vilikuwa vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa jicho. Upepo ukija viligongana taratibu. Kila kimoja kilikuwa na maneno kwa kalamu ya rangi: *mafuta ya alizeti. Mafuta ya mgando. Sabuni ya kipande. Sabuni ya unga. Moto mwingi. Moto kidogo. Mafuta taa siku mbili. Maji ya chumvi.*

"Hivi ni vya bamba lileile la Bumula," akasema. "Vile vilivyobaki nilipolikata kabla sijakukabidhi. Ngozi nilikuwa sijaitoa. Kila kimoja nimekitoa kwa njia yake. Nikakikunja kama ile mimbari, nikakiacha kwenye jua. Nilisema kitakachopasuka kitaniambia nilikosea wapi." Akashika kimoja akakipindisha mbele ya macho yake yenye ukungu. "Miaka sita. Hakuna kilichopasuka. Hata kimoja. Wewe macho yako ni mazuri, angalia. Niambie nilikosea wapi."

Nikaangalia. Vilikuwa safi kama siku vilipozaliwa. Nilijaribu kukumbuka maneno niliyokuja nayo. Nilikuwa nimepanga kumwambia aje Bungoma, nimpe kiti, awe ananifundishia vijana, asifanye kazi. Nilikuwa nimepanga kuwa mtu mkubwa.

"Kuna kitu hujajaribu," nikasema.

"Kipi?"

"Petroli."

Akacheka mpaka akakohoa. "Petroli! Ni nani angeweka petroli? Hapa kwangu? Hata wewe Darasa la Sita uliijua hiyo siku ya kwanza."

Aliniachia mlango wazi, unaona. Ningecheka naye tu, ninywe chai, niwashe gari. Angekufa akiamini ni mkono wake, na mimi ningemzika vizuri, ningenunua jeneza zuri kuliko yote Kitale.

"Niliweka mimi," nikasema.

Hakugeuka. Vipande viligongana kwenye waya.

"Uliitoa wapi?"

"Gereji."

"Ukaiacha kwa muda gani?"

"Alasiri moja. Na asubuhi ya kwenda nikapangusa tena. Kwa mikunjo. Kwa nati."

"Kwa nati," akasema. "Kuna petroli kwa gari yako?"

Nikaenda nikafyonza kwa mpira, ikaniingia mdomoni, nikaleta kwenye kikombe cha bati. Fundi alitungua kipande kimoja, kile kilichoandikwa *moto mwingi*, akakipaka mkunjoni kwa manyoya ya kuku. Akaketi. Nikasimama. Alikileta karibu na jicho, karibu kabisa, akangoja kama alivyokuwa akingoja kona. Haikuchukua muda. Nyufa zilitokea moja moja, nyeupe, zikashikana mikono kuzunguka nati. Kile kipande changu cha kwanza nilikuwa nimekilaza tu mezani, bila mkunjo wala nati. Akakibonyeza kwa gumba. *Ta!*

"Mama!" akaita. Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake, ilikuwa sauti ya mtoto aliyeokota kitu. "Mama, kuja! Kuja uone! Si mimi! Haikuwa mkono wangu!"

Mama akaja anapangusa mikono. Akakiangalia kile kipande. Akaangalia kikombe cha petroli. Halafu akaniangalia mimi, na akaelewa yote kabla mzee hajamaliza kufurahi. Alinyoosha mkono akachukua kikombe changu cha chai, ambacho kilikuwa bado nusu, akaenda akaimwaga kwenye majani.

Fundi alikuwa anageuza kipande kwenye mwanga. Lile tabasamu lilikuwepo. Kisha taratibu likaanza kuondoka.

"Miaka sita," akasema, "kila Jumapili naomba Mungu anisamehe huu mkono. Sasa nilikuwa nikimsumbua na ya mtu mwingine."

"Fundi, nitaenda Bumula. Nitasimama mbele ya kanisa niwaambie. Nitawaambia ni—"

"Hiyo ni yako na wao." Akaweka kipande chini. "Ile siku nilirudi matangani. Nilikwambia neno."

"Ndiyo, Fundi."

"Nirudishie."

Nilisimama pale na maduka yangu matatu. Sikujua kitu kama hicho kinarudishwa vipi. Yeye hakunisaidia. Alianza kutungua vile vipande kutoka kwenye waya, kimoja kimoja, anakipapasa kila kimoja kwa gumba kabla ya kukilaza kwenye debe. Nilipoondoka alikuwa hajafika nusu.

Bumula nilienda. Wengine walisema nimefanya jambo la kiume, Pasta aliniombea. Haikunisaidia.

Jumatatu yake nilipanda ngazi mwenyewe pale dukani, na maji ya moto na mafuta na manyoya ya kuku, nikazitoa herufi zote, moja moja, bila kukwaruza. Nilipoteremka nikarudi ng'ambo ya barabara kuangalia. Jua la miaka yote lilikuwa limepausha ule ukuta wa kijani, isipokuwa pale herufi zilipokuwa zimeukinga. Hapo rangi ilikuwa mbichi kama ya jana, kwa umbo la kila herufi. Mteja wa kwanza alikuja akainua kichwa, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, akaingia ndani akicheka.